Barua ya wazi: Mgonjwa wa siku ya nne hasubiri raundi ya asubuhi

Kwa waganga wakuu wa hospitali, wakuu wa idara za upasuaji na usingizi, na ninyi mnaogawa fedha za afya,

Salamu kwa heshima zote. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kwa miaka mingi nimewahudumia watu waliotoka kufanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo au ya umio, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Nina jambo moja la kuwaambia. Hatari inayowakabili wagonjwa hawa inaweza kuonekana mapema, mara nyingine wiki kadhaa kabla ya kisu. Vipimo vya kuionyesha tunavyo. Tunachokosa ni agizo lenu: hatari ikishaonekana, nani afanye nini, na ndani ya saa ngapi.

Nianze na usiku mmoja. Baba mmoja alikuwa katika siku ya nne tangu aondolewe umio. Mchana alikaa kitini na kuzungumza na binti yake. Saa 7 usiku nilipompima nilikuta mapigo ya moyo 118 kwa dakika, na yalikuwa yameanza kwenda bila mpangilio. Joto la mwili lilikuwa la kawaida na presha haikuwa mbaya. Nikamuuliza anajisikiaje. Akanijibu, "Mwili umekataa, mwanangu." Hakuweza kueleza zaidi ya hapo. Nilimpigia daktari wa zamu, ambaye usiku ule alikuwa peke yake na wodi tatu. Akaniambia nimpe dawa ya maumivu, nimwongezee dripu, wapasuaji wake watamwona asubuhi. Simlaumu. Hapakuwa na mwongozo wowote uliomwambia vinginevyo, wala mkubwa aliyemruhusu kumwamsha bingwa kwa sababu ya mapigo 118. Raundi ilifika saa 3 asubuhi. Skani ilifanyika alasiri. Maungio, yaani pale tumbo liliposhonwa na umio uliobaki, yalikuwa yamevuja na usaha ulikuwa umejaa kifuani. Baba yule alilala chumba cha mahututi siku 19, kisha akafariki.

Huwa tunaambiana kwamba upasuaji huu ni mkubwa na watu hufa. Ni kweli ni mkubwa, na ninyi msio wapasuaji mnapaswa kujua kwa nini. Umio hauna ule utando wa nje unaofunika utumbo, kwa hiyo nyuzi hazipati mahali imara pa kushika. Ukishaondolewa, tumbo hukatwa likawa bomba jembamba, likavutwa juu mpaka kifuani au shingoni ili lichukue nafasi yake. Mishipa mingi iliyokuwa ikililisha tumbo hilo huwa imekatwa. Bomba hubaki likitegemea mshipa mmoja mkubwa upande wa kulia, na ncha yake ya juu, pale pale inaposhonwa, ndiyo iliyo mbali zaidi na damu. Maungio ya shingoni huvuja mara nyingi zaidi, lakini kwa kawaida uchafu hutokeza kwenye kidonda tukauona. Ya kifuani huvujia karibu na moyo na mapafu, mahali ambapo jicho la muuguzi halifiki. Kwa aliyeondolewa tumbo lote, umio huungwa na utumbo mwembamba. Hapo napo panaweza kuvuja, kama vile kisiki cha duodeni, ule mwanzo wa utumbo mwembamba ulioshonwa ukafungwa, kinavyoweza kufumuka, au kongosho kumwaga maji yake makali pale tezi za limfu zilipochunwa.

Hata mikononi mwa mabingwa mambo haya hutokea. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya hospitali 24 zenye uzoefu mkubwa, kutoka nchi 14, yakihusu wagonjwa 2,704 waliopasuliwa umio mwaka 2015 na 2016. Asilimia 59 walipata angalau tatizo moja. Nimonia iliwapata asilimia 14.6, moyo kupiga ovyo asilimia 14.5, maungio kuvuja asilimia 11.4. Lakini waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 2.4, na ndani ya siku 90 asilimia 4.5. Naomba mzitazame namba hizo kwa pamoja. Zaidi ya nusu waliingia matatani, na wachache sana walipotea. Kuna watu waliowavuta kutoka huko, na waliwahi.

Mwaka 2009 Amir Ghaferi na wenzake, John Birkmeyer na Justin Dimick, waliliangalia swali hili kwa wagonjwa zaidi ya 84,000 wa upasuaji wa aina mbalimbali nchini Marekani. Walizilinganisha hospitali zenye vifo vichache kabisa na zile zenye vifo vingi kabisa. Matatizo baada ya upasuaji yalikaribiana: asilimia 24.6 upande mmoja, 26.9 upande wa pili. Ila miongoni mwa waliopata matatizo makubwa, hospitali nzuri zilipoteza asilimia 12.5 na zile nyingine asilimia 21.4. Wapasuaji wa pande zote mbili walikuwa wakikutana na matatizo karibu sawa. Yaliyofuata ndiyo yaliyotofautiana: nani aligundua, aligundua lini, na alipopiga simu nani alipokea. Tangu niliposoma utafiti ule nimeshindwa kuukubali usemi kwamba "ilikuwa bahati mbaya".

Sasa nije kwenye utabiri wenyewe, nikianzia kabla ya upasuaji, kwa sababu huko ndiko tunakopoteza nafasi nyingi bila hata kujua.

Mgonjwa wa saratani ya umio huja akiwa amekonda kwa sababu chakula hakipiti. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi sita, mwenye albumini (protini ya damu) ya chini, asiyeweza kupanda ngazi bila kusimama, anayevuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mapafu yaliyochoka, huyo anaingia chumba cha upasuaji akiwa na deni. Haya yanajulikana. Lisilojulikana sana nje ya idara za upasuaji ni kwamba picha ya CT aliyopigwa ili kutafuta kama saratani imesambaa ina mambo mengine mawili ndani yake. Kwenye pingili ya tatu ya kiuno unaweza kupima ni misuli kiasi gani imebaki, na mtu anaweza kuonekana mnene huku misuli imekwisha. Kwenye mshipa mkuu wa aota na matawi yake unaweza kuona chokaa, ambayo imehusishwa na maungio kuvuja, kwani mishipa migumu haipeleki damu vizuri kwenye lile bomba. Picha hiyo ilishalipiwa na imehifadhiwa. Ripoti yake inaeleza ini, mapafu na tezi, kisha inanyamaza. Hakuna aliyemwomba mtaalamu wa mionzi aandike mistari miwili ya ziada, naye ana picha nyingine 40 zinazomsubiri. Mistari hiyo miwili ni agizo mnaloweza kulitoa ninyi wiki hii.

Na hatari ikionekana mapema, inapunguzika. Mwaka 2018 watafiti wa Australia na New Zealand, wakiongozwa na Ianthe Boden, walichapisha jaribio la watu 441 waliokuwa wanangojea upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Kundi moja lilipewa kikao kimoja tu cha dakika 30 na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya siku yenyewe: walifundishwa kupumua kwa kina na kukohoa, na wakaelezwa kwa nini waanze mara tu watakapozinduka. Kundi la pili lilipewa kijitabu tu. Matatizo ya mapafu yaliwapata asilimia 12 ya kundi la kwanza na asilimia 27 ya kundi la pili. Dakika 30! Mwaka huo huo, jaribio la Barcelona lilionyesha kwamba wagonjwa wenye hatari kubwa waliofanyishwa mazoezi kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji mkubwa wa tumbo walipata matatizo kwa asilimia 31, ilhali wale wa huduma ya kawaida walifikia asilimia 62. Wagonjwa wengi wa saratani hizi hupewa kemotherapi kwanza na kusubiri wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa. Hizo ndizo wiki za kulishwa, kwa mpira ikibidi, za kuacha sigara, za kusafishwa meno na kutembezwa. Badala yake tunawaambia, "Nenda nyumbani, utaitwa."

Baada ya upasuaji utabiri hubadilika sura. Hapo hatuulizi tena nani ana hatari kubwa. Tunauliza nani ameanza kuharibika leo. Kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha uchochezi mwilini, hupanda kwa kila aliyepasuliwa, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha kinapaswa kushuka. Kikishuka vizuri mpaka siku ya tano, kinatutuliza, kwa maana uwezekano wa maungio kuvuja unakuwa mdogo. Kikibaki juu au kikianza kupanda upya, hakithibitishi kuvuja, kwani nimonia nayo hukipandisha, ila kinadai jibu. Mwaka 2012 kilitolewa kipimo kiitwacho NUn, kinachojumlisha CRP, chembe nyeupe za damu na albumini ya siku ya nne. Baadhi ya hospitali zilizokijaribu kiliwafaa, nyingine hakikuwafaa vile. Kwa uzoefu wangu, namba moja ya siku moja hudanganya kwa urahisi. Mwelekeo wa siku tatu mfululizo ukisomwa pamoja na mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na neno la mgonjwa mwenyewe, hudanganya kwa nadra. Moyo unaoanza kupiga ovyo katika siku hizo unaweza kuwa mjumbe wa maungio yanayovuja. Baba yule alikuwa na mjumbe huyo saa 7 usiku.

Nafahamu kwamba wengi wenu mnaletewa programu za akili mnemba zinazoahidi kutabiri haya yote. Sizipingi. Mashine inaweza kusoma misuli kwenye maelfu ya picha bila kuchoka, na hilo ni jema. Lakini kabla hamjasaini, muulizeni anayeuza kama programu ilijaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali ambazo hazikushiriki kuitengeneza. Muulizeni pia kama watu 100 walioambiwa hatari yao ni asilimia 20, karibu 20 kati yao kweli walipata tatizo. Programu inaweza kuwa hodari wa kumtofautisha mgonjwa mwenye hatari na asiye nayo, na bado ikataja asilimia zisizo za kweli. Tuliliona hilo hata kwenye vipimo vya zamani vya karatasi: O-POSSUM, kilichotengenezwa mwaka 2004 mahususi kwa upasuaji wa tumbo na umio, kilipopelekwa hospitali nyingine mara nyingi kilitabiri vifo vingi kuliko vilivyotokea. Anayekiamini kipimo cha namna hiyo anaweza kujisifu kwamba ameokoa watu ambao hawakuwa wakifa.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mwenye mamlaka ausome kabla ya kununua chochote. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya ASOS-2, jaribio kubwa lililofanywa katika mamia ya hospitali barani Afrika kwa wagonjwa wa upasuaji wa kila aina. Wagonjwa walipimwa hatari kwa alama rahisi. Katika hospitali za kundi moja, aliyepata alama za juu alipaswa kuangaliwa zaidi: kupimwa mara nyingi, kulazwa karibu na meza ya wauguzi, kuwekewa mwongozo wa uangalizi kando ya kitanda, ndugu kuruhusiwa kukaa naye. Vifo havikupungua. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema utabiri hauna faida. Mimi niliyasoma nikiwa na sura ya wodi yangu mbele ya macho. Ukinionyesha kwamba kitanda namba 6 ni cha hatari, lakini muuguzi amebaki yule yule mmoja, daktari wa zamu ni yule yule mmoja, skani haifanyi kazi usiku na chumba cha mahututi kimejaa, umeniongezea hofu tu. Nilishakuwa nayo.

Kwa hiyo ninachoomba kwanza kabisa ni mamlaka ya kuita. Wekeni kwa maandishi kwamba mgonjwa aliyepasuliwa umio au kuondolewa tumbo akifikia kiwango fulani cha mapigo, cha kupumua, au CRP ikigeuka kupanda, muuguzi anampigia bingwa mwenyewe moja kwa moja, saa yoyote, na hakuna atakayemkaripia hata ikionekana baadaye kwamba hapakuwa na kitu. Wekeni pia kwamba skani ya mgonjwa huyo, ile ya kumeza dawa ya kuonyesha njia, inafanyika ndani ya saa chache, iwe usiku au sikukuu. Kama hakuna mtaalamu wa mionzi wa usiku, basi fedha za programu ziende kwanza kumwajiri. Nasema hivi nikijua mnavyobanwa na bajeti. Lakini siku 19 za chumba cha mahututi nazo zililipwa na mtu.

Ombi la pili ni kuhesabu kwa ukweli. Lugha ya kuhesabia ipo. Vipimo vya Clavien na Dindo, katika umbo lililoboreshwa mwaka 2004, vinapanga matatizo kuanzia daraja la I hadi la V kufuatana na matibabu yaliyohitajika, daraja la V likiwa kifo. Kwa upasuaji wa umio, tangu mwaka 2015 kuna tafsiri ya pamoja ya mabingwa wa nchi mbalimbali kuhusu kipi kiitwe kuvuja na kipi kisiitwe. Tumieni hizo, kwa kila mgonjwa, mpaka siku ya 90. Tazameni tena takwimu za hospitali zile 24: vifo karibu vinakuwa mara mbili kati ya siku ya 30 na ya 90. Daftari linalofungwa siku ya 30 halioni karibu nusu ya misiba. Na bila daftari la kwetu hakuna utabiri wowote utakaotufaa, kwa sababu hatutajua kama unasema kweli juu ya watu wetu.

Hospitali zinazofanya upasuaji huu mara chache kwa mwaka nazo zijiulize kama zinapaswa kuendelea. Tangu Birkmeyer achapishe takwimu zake mwaka 2002 inafahamika kwamba kwa upasuaji wa umio, hospitali zinazoufanya mara chache sana zilikuwa na vifo vingi zaidi, kwa tofauti inayozidi asilimia 5, kuliko zile zinazoufanya mara nyingi. Hili ni gumu kulisema mbele ya mpasuaji mwenye moyo. Lisemwe hata hivyo.

Na hapa nina hofu ambayo siwezi kuificha. Nikiomba hatari ipimwe na matokeo yahesabiwe, najua kuna mahali ambapo namba hizo zitatumiwa kumfungia mgonjwa mlango. Bingwa ataona asilimia 30 kwenye skrini, atafikiria takwimu za idara yake, na mgonjwa ataambiwa hawezi kupasuliwa. Wakati mwingine hilo litakuwa sahihi, na kumpasua ingekuwa kumuumiza bure. Lakini mara nyingi mgonjwa huyo mwenye hatari kubwa ndiye angefaidika zaidi na wiki nne za chakula na mazoezi, au na upasuaji wa matundu madogo. Jaribio la MIRO nchini Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kuifanya sehemu ya tumbo kwa kamera, kifua kikifunguliwa kama kawaida, kulishusha matatizo makubwa kutoka asilimia 64 hadi 36. Naomba mwamuru kwamba hakuna mgonjwa anayekataliwa kwa namba peke yake, na kwamba kila anayekataliwa aandikiwe ni nini kilijaribiwa kuishusha hatari yake kabla ya kukataliwa.

Naye mwenye mwili aambiwe. Nimeshuhudia watu wakisaini fomu ya ridhaa usiku wa kuamkia upasuaji, wakiwa wamelala, na mtu amewashikia kalamu. Mtu mzima anaweza kuelewa ukimwambia, "Baba, kati ya watu 10 wenye hali kama yako, karibu 6 hupata tatizo la aina fulani, wengi wao tunalitibu, na haya ndiyo tutakayoyafanya tukiliona." Wengine wakishaelewa huchagua kutopasuliwa, na hiyo ni haki yao. Wengi huchagua kisu. Wanaochagua hivyo huja wakiwa wameandaliwa, na ndugu zao hutusaidia kutazama. Binti wa yule baba aliniambia baadaye kwamba jioni ile aliona baba yake amebadilika rangi kidogo. Hakusema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jambo hilo lina maana.

Naomba jibu lenu kwa maandishi. Mkiona mengine yanahitaji vikao na bajeti ya mwaka ujao, nitasubiri. Ila moja halihitaji kusubiri: leo usiku, wodini kwenu, mgonjwa wa siku ya nne mapigo yake yakifika 118, muuguzi ampigie nani? Andikeni jina la cheo hicho na namba ya simu, mbandike ukutani juu ya meza yetu.

Kwa heshima,
Muuguzi wa wodi ya upasuaji, zamu ya usiku